Nikikosa mazoezi siku moja, hujiona nimeshindwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 29. Hukimbia kila asubuhi na kunyanyua vyuma kila jioni, na nikikosa hata siku moja hupunguza chakula ili kufidia. Watu husifu umbo langu, lakini nikijitazama kwenye kioo naona tumbo na mapaja tu. Hivi karibuni niliumia kifundo cha mguu, nami nikaendelea kukimbia. Sijapata hedhi kwa miezi minne, na kipimo kimeonyesha kwamba sina mimba. Je, nimepita kiasi, au nafsi yangu inatafuta kisingizio cha uvivu?

JIBU: Dada yangu, umepita kiasi, na wala si uvivu unaokufanya uulize. Hedhi umeitaja mwishoni, lakini mimi nitaanza nayo. Mwanamke aliyekuwa akiipata kama kawaida akiikosa kwa miezi mitatu mfululizo anapaswa kumwona daktari, kwa kuwa sababu ni nyingi na nyingine hazihusiani na mazoezi. Hata hivyo, kwa maelezo yako, inayotiliwa shaka zaidi ni kwamba chakula unachokula hakitoshi kulipia nguvu unayoitumia. Mwili ukikosa nguvu ya kutosha, ubongo hupunguza homoni zinazoamsha mayai, estrojeni hushuka, na mifupa ambayo hutegemea homoni hiyo huanza kupoteza uimara wake hata kama mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii uzito mpya, ikaeleza kwamba upungufu huo hugusa pia moyo, kinga ya mwili na hali ya akili. Wala si lazima uwe umekonda ndipo ikupate. Nakusihi pia usitumie vidonge vya kupanga uzazi kwa nia ya kurudisha hedhi tu, maana damu inaweza kutoka ilhali chanzo hakijatibiwa na mifupa inaendelea kudhoofika.

Kuhusu kiasi cha mazoezi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wapo wanaofanya zaidi ya hapo wakiwa na afya njema, kwa hiyo mimi sihesabu saa zako. Ninachokitazama ni kwamba uliumia na hukuweza kuacha kukimbia, na kwamba siku ya mapumziko huilipia kwa njaa.

Hapo ndipo inapoingia tabia ya kutaka kila kitu kiwe kamili. Wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett, katika maandishi yao ya mwaka 1991, walitofautisha ukamilifu ambao mtu hujidai mwenyewe, ule anaowadai wengine, na ule anaoamini kwamba wengine wanamdai yeye. Huu wa mwisho huwaumiza wanawake wengi kuhusu miili yao, kwa sababu tangu utotoni wanazoea kujitazama kwa macho ya watu wengine. Sifa unazopewa hazikutulizi kwa sababu kila sifa unaipokea kama kiwango kipya usichoruhusiwa kukishuka. Ndiyo maana sidhani kwamba kupungua kilo nyingine kungebadilisha unachokiona kwenye kioo.

Nenda kwa daktari wiki hii, umweleze yote, pamoja na habari ya chakula na kifundo, kisha umwombe akuunganishe na mtaalamu wa lishe na mshauri nasaha anayeyafahamu matatizo ya ulaji. Hadi hapo acha kukimbia, na kula milo yako yote hata siku usiyofanya zoezi lolote. Hatia itakujia, pengine kali sana siku za mwanzo. Mweleze mshauri jinsi ilivyo, wala usijaribu kuituliza kwa zoezi. Ukizimia, ukihisi maumivu ya kifua, au moyo ukipiga bila mpangilio, usingoje miadi, nenda hospitalini mara moja.