Swali hilo ni la Waukraine

Swali lenu la wiki lilikuwa: je, rais ambaye muda wake umepita anaweza kutia saini amani kwa niaba ya Ukraine, na mataifa ya nje yana neno gani katika jambo hilo? Nilisoma udaktari Kharkiv, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Urusi, hadi vita vilipotukimbiza mwaka 2022. Najibu kwa niliyoyaona na kwa ninayoyafuatilia hadi leo.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mstaafu. Nyumbani aliongea Kirusi tu, na dada yake alikuwa Belgorod, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2019 alimpigia kura Zelensky awe rais kwa sababu alichoshwa na matajiri waliokuwa wakipokezana nchi. Haukupita muda akaanza kumlalamikia kila taarifa ya habari ilipofunguliwa. Asubuhi ya Februari 24, 2022, Urusi ilipovamia, vioo vikatetemeka. Alikuwa jikoni, simu sikioni, na dada yake akimhakikishia kwamba jeshi la Urusi halipigi raia. Akakata simu bila kuaga, akachukua kisu, akakata mkate vipande vinene, akavifunga kwenye vitambaa viwili: changu na chake. Usiku ule tulilala chini, kwenye kituo cha metro, treni ya chini ya ardhi.

Ndiyo maana nikisikia Moscow ikihoji uhalali wa rais wa yule bibi, damu inanichemka.

Muda wa Zelensky ulikuwa uishe Mei 2024. Putin akasema si rais halali tena, na Februari 2025 Trump naye akamwita dikteta. Lakini sheria ya Ukraine inayokataza uchaguzi nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi, yaani hali ya dharura ya vita kama iliyopo tangu uvamizi wa 2022, ilipitishwa mwaka 2015, Zelensky akiwa bado mchekeshaji wa televisheni. Katiba yao nayo, ibara ya 108, inasema rais hubaki na madaraka mpaka mrithi wake aapishwe. Siku chache baada ya maneno ya Trump, wabunge 268 wa Ukraine walipiga kura kuthibitisha hivyo, wakiwemo wapinzani wa Zelensky. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, anaweza kutia saini.

Ila hawezi kutia saini kila kitu, na hapa ndipo mjadala wetu huwa unapita haraka mno. Ibara ya 73 inasema mabadiliko ya ardhi ya nchi yataamuliwa kwa kura ya maoni ya taifa zima tu. Kura hiyo nayo hairuhusiwi wakati wa sheria ya kijeshi. Anayemshinikiza Zelensky aachie Donbas, eneo la mashariki ambalo Urusi inalitaka, kwa kalamu yake anamwomba kitu ambacho hana, hata kama angechaguliwa jana.

Na msidhani wananchi wamelala. Julai 2025 Zelensky alisaini sheria ya kuzibana taasisi za kupambana na ufisadi. Vijana wakamiminika barabarani Kyiv, Lviv na Kharkiv wakiwa na mabango ya maboksi, katikati ya vita. Hazikutimia siku kumi, sheria ikageuzwa. Nilijivunia wale vijana kama ndugu zangu.

Kuhusu watu wa nje, Martin Kimani, wakati huo balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, aliliambia Baraza la Usalama mwaka 2022 kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni, lakini tulikubali kuishi nayo badala ya kumwaga damu. Mimi bado nasimama hapo. Silaha za Ulaya na Marekani zimeisaidia Ukraine isimezwe, nami nashukuru, lakini hazimpi Trump kibali cha kuketi na Putin Alaska, Marekani, Agosti 2025, kujadili vita hivi huku mwenye nchi hayupo. Urusi kwa upande wake imeleta askari wa Korea Kaskazini hadi mkoa wake wa Kursk, na vijana wetu wa Kenya na Tanzania wameishia kwenye mahandaki yake, baadhi yao wakiwa wameahidiwa kazi za kawaida. Wazazi wao wanazika, au wanasubiri simu isiyopigwa.

Yule bibi yuko hai, amerudi kwake. Mwezi uliopita aliniambia kwamba uchaguzi ukija hatampa Zelensky kura yake. Kituo chake cha kupigia kura ni shule iliyo nyuma ya jengo lao, na shule hiyo sasa haina paa.