Shangazi, shule inataka kumpima mwanangu na baba yake hataki

Mama Wawili wa Minneapolis, barua yako nimeisoma yote. Kijana ana miaka minne na haongei, ukimuita hageuki, kutwa anapanga viatu mlangoni, shule imeleta fomu usaini apimwe usonji (autism), mzee wako anasema ukisaini umemuita mtoto mwendawazimu, na mama mkwe yuko Eastleigh anataka aletwe Nairobi asomewe Quran.

Saini, dada. Akipimwa haongezewi kitu ambacho hana. Huko Marekani sheria inalazimisha shule ya umma kumsomesha bure mtoto mwenye ulemavu kuanzia miaka mitatu, na jimboni kwenu Minnesota ukishasaini wana siku 30 za shule kumaliza kumpima, halafu mnakaa kikao mpange atasaidiwa vipi, na hapo (mwambie mzee hii) hawaanzi huduma yoyote bila wewe kusaini tena. Na kikaoni omba mkalimani wa Kisomali, shule ndio inalipa, usije ukamkalisha mtoto wa jirani akutafsirie mambo mazito hivyo.

Hilo la aibu, kwamba watu watasema ni laana ya ukoo, nalijua. Lakini Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwahesabu watoto wenye usonji wa hapo hapo mjini kwenu, ripoti ikatoka 2013, kwa Wasomali ikawa kama 1 kati ya 32, kwa wazungu 1 kati ya 36, yaani karibu sawa, sasa laana ya ukoo iko wapi hapo?

Umeuliza pia kama ni sindano ya surua iliyomletea usonji. Sio. Yule daktari Mwingereza, Wakefield, utafiti wake uliohusisha sindano hiyo na usonji ulifutwa 2010 na leseni akanyang'anywa, na bado alikuja hadi Minneapolis kuongea na wazazi wa Kisomali. 2017 surua ikaingia Minnesota ikakamata watu 75, wengi watoto wenu ambao hawakuchanjwa. Huyo mdogo wake mpeleke achanjwe.

Quran asomewe, nani amekataza? Lakini asomewe huko huko, maimamu si wamejaa. Ukimleta Nairobi ile haki ya shule inabaki Minnesota na mtaalamu wa kumfundisha kuongea utamlipa mfukoni, na umri huu ndio wa kumuwahi.

Mzee akigoma kabisa, saini ya mzazi mmoja kwa kawaida inatosha. Ila mimi ningemvuta kwanza aje kikaoni aulize mwenyewe, na mama yake ampigie yeye, sio wewe.