Moshi wa dirishani

SWALI: Tunaishi chumba kimoja cha kupanga. Mume wangu huvutia sigara dirishani, feni ikiwa imewashwa, na mtoto wa miezi 14 hakauki kikohozi. Dawa zinatumalizia hela. Feni inasaidia? – Mama wa mmoja, Mbagala

JIBU: Haisaidii, dada. Feni husambaza tu moshi, na chembe zake hubaki hewani saa kadhaa hata harufu ikiisha. Nyingine hunata kwenye pazia, godoro na shati la baba. Mtoto hupumua haraka kuliko sisi na njia zake za hewa ni nyembamba, ndiyo maana yeye huumwa kwanza.

Baba avutie nje kabisa, mbali na mlango na dirisha (barazani hapana), anawe mikono na kubadili shati kabla ya kumbeba. Fueni pazia na shuka.

Hela pigeni hesabu pamoja: sigara 6 kwa siku, moja ikiwa Sh 200, ni Sh 36,000 kwa mwezi. Mwonyeshe asubuhi, asiwe ameshika sigara.

Mtoto akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kikibonyea ndani, msinunue sirapu dukani. Mpelekeni zahanati siku hiyohiyo.