Maswali na majibu: Ndoa ikivunjika, parseli (kiwanja) inabaki kwa nani?

Barua nyingi za safari hii zina kasoro moja. Mtu anaandika kurasa mbili juu ya ubaya wa mwenzake, lakini hasemi kama ndoa yao iliandikwa komini (ofisi ya manispaa) wala mfumo gani wa mali walichagua. Bila hayo mawili sina jibu la kukupa. Kabla ya kuandika, fungua acte de mariage (cheti cha ndoa) yako na utafute mstari wa régime matrimonial (mfumo wa mali). Utaona moja kati ya haya matatu: séparation des biens (kila mtu na zake), communauté universelle (vyote pamoja), au communauté réduite aux acquêts (vilivyochumwa ndani ya ndoa ni vya wote wawili). Kama hamkuchagua, sheria ya nchi yetu, Kongo (DRC), imewachagulia huu wa mwisho.

*Bwana alinirudisha kwetu mwaka jana. Wazee walikaa, mahari ikarudishwa. Sasa anasema tumeachana, na anauza parseli yetu. Ndoa yetu iliandikwa, mfumo ni acquêts. — Mama, Kampemba*

Mama, ungali mke wake. Kikao cha wazee kinaweza kutuliza koo mbili, lakini talaka katika nchi yetu inatolewa na jaji peke yake. Mahari kurudi hakuvunji ndoa, hata ingerudi yote mpaka mbuzi wa mwisho. Basi parseli mliyonunua ndani ya ndoa bado ni ya wote wawili, na hawezi kuiuza bila wewe kukubali. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016, iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya 1987, iliondoa ile ruhusa ambayo mke alilazimika kuomba kwa bwana na kuweka uendeshaji wa mali ya pamoja mikononi mwa wawili.

Lakini haki haijilindi, na hapa siku zinahesabika. Nenda kwenye ofisi ya hati za nyumba inayosimamia komini yako, ukiwa na acte de mariage na nambari ya parseli, uulize hati iko kwa jina la nani na kama kuna ombi la kuihamisha. Kisha omba jaji amri ya kuzuia uhamisho, ipelekwe kwa konsevateri, mkuu wa ofisi hiyo ya hati. Amri hiyo ina muda wake: soma tarehe ya mwisho siku ileile unapoipokea, maana ikipita bila kesi kuendelea, mlango unafunguka tena. Mwandikie pia mnunuzi, kama unamjua, na ubaki na nakala aliyosaini yenye tarehe. Baada ya hapo hawezi kusema alinunua bila kujua.

Usingoje. Konsevateri akishatoa hati mpya na miaka 2 ikapita, kuifuta kunakuwa vigumu mno, na kwa kawaida unabaki kudai fidia tu.

*Gari nililinunua mimi, kwa mshahara wangu, na carte rose (kadi ya gari) ina jina langu. Bibi anadai nusu. Anaweza? — Baba, Katuba*

Kama mlikuwa mmeoana na mfumo ni acquêts, ndiyo. Mshahara unaopata ndani ya ndoa ni wa ndoa. Jina kwenye kartasi linaonyesha nani aliandikisha, halisemi gari ni la nani kati yenu.

*Tumeishi miaka 9 bila ndoa, tuna watoto watatu, tumejenga pamoja. Nikiondoka nachukua nusu? — Dada, Rwashi*

Swali hili nalipata kila mara, na kila mara linaniuma. Hapana, dada. Yaka tofanda (kuishi pamoja bila ndoa) haina mfumo wa mali, hata ikifika miaka 30. Jaji hataanza na nusu. Ataanza na swali: ulitoa nini, na kinaonekana wapi? Ukionyesha kwamba ulilipa sehemu ya parseli, unaweza kudai sehemu hiyo kama mwenye mali mwenza. Ukisema tu “nilipika, nililea, niliuza unga sokoni falanga zikaingia nyumbani”, ni kweli tupu, lakini mahakamani ni vigumu sana kuigeuza kuwa matofali.

Kusanya acte de vente (hati ya mauzo), risiti, ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money uliotumwa kwa muuzaji au kwa fundi, na mashahidi walioona ukilipa. Ujumbe wa simu unapotea simu ikiibiwa, kwa hiyo uchapishe leo. Haki za watoto ni jambo jingine: baba yao akishawatambua kwenye eta-sivili (ofisi ya kuandikisha vizazi na ndoa), anadaiwa matunzo yao, ndoa iwepo au isiwepo.

*Watoto watabaki kwangu. Basi nyumba ni yangu?*

Hapana. Malezi hayahamishi umiliki. Wakati kesi inaendelea, omba Mahakama ya Amani hatua za muda: nani akae nyumbani, nani alipe masomo na chakula. Wengi wanangoja hukumu ya mwisho huku watoto wamefukuzwa shule.

*Tulijenga nyumba ya vyumba vinne kwenye parseli ya baba mkwe, upande wa Kasapa. Tunaachana. Nusu ya nyumba ni yangu? — Ndugu, Lubumbashi*

Ndugu, parseli haikuwa yenu, kwa hiyo haiingii katika mgawanyo, na nyumba imeshikwa na ardhi iliyo chini yake. Unachoweza kudai ni gharama mlizotia. Ndiyo maana kila mfuko wa simenti wa kilo 50, kila bati na kila safari ya lori la mchanga unahitaji risiti yenye tarehe. Matofali ya kuchoma yananunuliwa tanurini bila kartasi. Basi andika karatasi ndogo pale pale: idadi, bei, saini ya muuzaji, saini yako. Mapatano na fundi mwashi yaandikwe pia, na kila malipo yaongezwe chini yake.

Wanaotaka kujenga kwa wakwe wanisikie: neno “hii ni yenu, wanangu” linakufa pamoja na mzee, au linakufa siku ndoa inapoharibika. Kabla ya msingi kuchimbwa, mzee agawe kipande kwa maandishi, kipimwe na kadasta (ofisi ya kupima ardhi), hati itoke kwa majina ya wawili. Kartasi ya shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) haitoshi: kwa sheria ya ardhi ya 1973, haki juu ya kiwanja inathibitishwa na certificat d'enregistrement (hati ya usajili wa ardhi).

*Bibi alichukua deni kwenye likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) na kwa watu wa mikopo. Nitalipa mimi?*

Inategemea falanga zilikwenda wapi. Deni la chakula, kodi au masomo ya watoto ni la nyumba, mtalibeba wote. Deni lake binafsi, nje ya mahitaji ya nyumba, unaweza kulikataa, ila si kwa maneno matupu. Na kama ulitia saini kama mdhamini, mkopeshaji atakufuata hata baada ya talaka. Ulipotia saini ulikubali.

*Bwana anafanya kazi Kolwezi. Nimesikia amenunua nyumba kwa jina la mdogo wake ili nisipate. Nifanye nini?*

Usiende kugombana na shemeji, utamwamsha mapema. Tafuta njia ya falanga: tarehe ya kununua, nani alilipa, zilitoka akaunti gani. Avoka (wakili) wako aombe jaji aamuru benki itoe maelezo ya akaunti, maana wewe peke yako benki haitakupa. Andika orodha ya mali yote unayoijua sasa, mkiwa bado mnasemezana, na upige picha za hati unazoziona nyumbani. Mtu akishahama na kartasi zake, orodha hiyo ndiyo utakayoanza nayo mbele ya jaji.