Binti wa miaka 15 kupewa majina matatu ya ugonjwa: yaliyotupata sisi

Dada, umeuliza kama madaktari wanabahatisha, maana ndani ya mwaka mmoja binti yako ameambiwa ana wasiwasi, kisha sonona (huzuni nzito isiyoisha), sasa baipola, ugonjwa wa hisia kushuka hadi sonona na wakati mwingine kupanda kupita kiasi. Pole sana. Nimepita humo na kijana wangu.

Alianza akiwa na miaka 14. Hakulia wala kusema ana huzuni. Alikuwa anafoka tu. Ukimuuliza kama ameoga, mlango unabamizwa. Tukaita jeuri ya kubalehe. Kumbe kwa vijana sonona huweza kuja kwa sura ya hasira, na miongozo ya tiba inaihesabu hasira hiyo badala ya huzuni, ikidumu wiki 2 au zaidi pamoja na dalili nyingine. Lakini kubalehe nako huleta hasira, kukesha na kujifungia chumbani. Utatofautishaje kwa kumwona mtoto nusu saa? Kipimo cha damu cha sonona hakipo. Damu waliyomtoa ilikuwa ya kuangalia tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, na upungufu wa damu, kwa sababu navyo huchosha mwili na kuvuruga hisia.

Daktari wa kwanza aliandika sonona, na kwa alichokiona siku ile simlaumu. Miezi mitano baadaye kijana akawa analala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, na asubuhi ana nguvu kutushinda sote, anaongea bila kupumua. Siku sita mfululizo. Tukashukuru Mungu kwamba amepona, hatukumwambia daktari. Hilo linaniuma mpaka leo, maana baipola mara nyingi hutanguliwa na sonona, na dawa za sonona peke yake zinaweza kuichochea.

Mke wangu alikuwa akiandika saa za usingizi wake kwenye kalenda ya ukutani. Tulipokwenda tena tukaibeba. Daktari akaweka kidole kwenye zile siku sita: "Hapa kulikuwa na nini?"

Kisha akatuomba tutoke. Huko ndani mwanangu alitamka mambo ambayo mbele yangu asingethubutu, likiwemo wazo la kujiua. Binti akigusia hilo, mpeleke siku hiyohiyo, usisubiri jina la ugonjwa. Na usiogope kumuuliza waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Umesema halali usiku. Je, asubuhi anaamka amechoka, au ana nguvu kama aliyelala vizuri? Na ilianza lini?