Kwenda kwa daktari wa wanawake Seoul kabla ya ndoa

Mdogo wangu, unasoma Seoul, hujaolewa, na unaogopa kuonekana mhuni ukienda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Hofu hiyo hata mabinti wa Kikorea wanayo. Kliniki hizo watu wamezizoea kama mahali pa wajawazito, hivyo msichana akionekana pale, maneno hayakosekani. Usiahirishe kwa sababu hiyo. Unatokwa na uchafu usio wa kawaida, nenda wiki hii. Wakikuuliza kama umeolewa au umeshawahi kujamiiana, jibu ukweli. Jibu lako ndilo linaloamua namna ya kukupima. Una haki ya kuomba daktari mwanamke.

Vidonge vingi vya kila siku vya kupanga uzazi utavipata duka la dawa bila cheti cha daktari, lakini vya dharura lazima uandikiwe na daktari. Kwa hiyo kondomu ikipasuka usingoje hata kesho.

Kupima VVU, nenda kituo cha afya cha serikali, wanakiita bogeonso: ni bure, na hutaji jina. Bima ya taifa, ambayo wanafunzi wa kigeni wanalazimika kuwa nayo tangu 2021, itapunguza gharama za matibabu.