Uraia wa Uganda: majibu kwa wanaoishi nasi bila karatasi

Barua nyingi zilizonifikia zinauliza nani ana haki ya kuitwa Mganda. Nimechagua nne.

Nilikimbia vita Kongo nikapokewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka 2003. Mwanangu alizaliwa humu mwaka uliofuata na hajui nchi nyingine. Je, si raia? (Mama wa Nakivale)

Mama, jibu la sheria ni chungu: si raia. Katiba ya 1995 haimpi mtu uraia kwa sababu tu amezaliwa katika ardhi ya Uganda. Ibara ya 10 inauliza asili, yaani mmoja wa wazazi, babu au bibi zake awe wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka hii tarehe 1 Februari 1926, au awe raia wa kuzaliwa, yaani aliyeupata uraia kwa asili ya namna hiyo. Ibara ya 12, inayohusu kusajiliwa, inamweka kando hata yule ambaye babu yake alikuwa mkimbizi. Inayobaki ni tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia, ambayo inadai ukaazi wa jumla ya miaka 20, mwenendo mwema, ujuzi wa kutosha wa Kiingereza au wa lugha ya wenyeji iliyoidhinishwa, na nia ya kuishi hapa daima. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliona kwamba mkimbizi hawezi kusajiliwa, ingawa haikumfungia mlango huo wa tajnisi.

Nasema wazi kwamba sheria hii inawaonea watoto. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, jambo ambalo mataifa mengi hayajathubutu. Tumewakaribisha wazazi kwa moyo mkunjufu, kisha tunawaacha wajukuu wao wakiwa wageni katika kijiji walichozaliwa. Bunge lingeweza kuweka njia ya usajili kwa aliyezaliwa na kukulia hapa, na wala halingekuwa limemgawia uraia kila anayevuka mpaka.

Mkiwapa uraia, si watachukua ardhi yetu? (Mkulima, Kikuube)

Ndugu mkulima, hofu yako siibezi, maana ardhi ndiyo chakula cha wanao. Ni kweli kwamba uraia unabadilisha haki ya ardhi: chini ya Ibara ya 237 ardhi ni mali ya raia, na asiye raia huweza kupata upangaji tu, usiozidi miaka 99. Lakini kijana aliyezaliwa hapa anaishi juu ya ardhi hii tayari, na kumnyima karatasi hakumwondoi shambani. Kunamfanya akodi kwa siri, bila mkataba, na ugomvi ukizuka ninyi wawili mnakosa ushahidi. Migogoro ya mipaka ya mashamba itatuliwe kwa kupima ardhi na kuwapa wenyeji hati zao.

Mtu mmoja ameniahidi kitambulisho cha taifa kwa fedha. Nichukue? (Mchuuzi kutoka Kenya, Busia)

Usichukue. Uraia wa kusajiliwa uliopatikana kwa udanganyifu au rushwa unaweza kufutwa chini ya Ibara ya 14, na siku hiyo utapoteza biashara pamoja na jina lako. Wewe ni mwananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: pitia kwenye kituo cha mpaka, uombe kibali cha kukaa hadi miezi sita bila malipo, na ukitaka kufanya kazi, omba kibali cha kazi.

Mume wangu ni Msudani Kusini, mimi ni Mganda wa kuzaliwa. Watoto wetu walizaliwa Juba. Wataanza kuhesabu miaka 20? (Mke wa Adjumani)

Hapana, dada. Katiba haitofautishi baba na mama. Kwa kuwa ulikuwa raia wa kuzaliwa walipozaliwa, nao ni raia wa kuzaliwa, popote walipopata pumzi yao ya kwanza. Beba vyeti vyao vya kuzaliwa, kitambulisho chako na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, uwaandikishe. Ofisa akikuambia wanamfuata baba, mwombe akuonyeshe Ibara ya 10.